Rachel Keke: dakika 17 kwa chumba, kisha Bunge la Ufaransa (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani siasa za Ufaransa huwa tunazijadili kwa majina matatu tu: Macron, Le Pen, Mélenchon. Leo naomba nimlete mtu ambaye hakuwahi kuwa waziri, aliyekaa bungeni miaka miwili kasoro siku chache, na aliyechukua jimbo kwa tofauti ya kura 177. Anaitwa Rachel Keke, mbunge wa zamani wa chama cha mrengo wa kushoto cha La France Insoumise. Kabla ya ubunge kazi yake ilikuwa kutandika vitanda na kusugua vyoo vya hoteli.

Habari zake nyingi zinaandikwa kama ngano: mwanamke maskini kavishwa utepe wa rangi tatu wa mbunge, watu wamepiga makofi, hadithi imeishia hapo. Mimi nimemfuatilia tangu mgomo wa 2019 na naliona jambo hili kwa upande mwingine. Kazi yake kubwa aliifanya nje ya bunge, kwenye lango la hoteli, na bungeni alikwenda kuisemea kazi hiyo. Ukianza kusimulia siku ya uchaguzi umeruka sura iliyo nzito kuliko zote. Kwa hiyo naanzia nyuma.

Kazaliwa 1974 Abobo, mji wa Abidjan, Kodivaa. Mama yake alikuwa anauza nguo, baba yake dereva wa basi. Mama akafariki Rachel akiwa na miaka 12, akabaki na mzigo wa kulea wadogo zake. Mwaka 2000, akiwa na miaka 26, akaingia Ufaransa. Alianza kwa kusuka na kutengeneza nywele, na 2003 akaingia kwenye usafi wa vyumba vya hoteli. Uraia wa Ufaransa aliupata 2015. Hesabu wenyewe: miaka 15 tangu kufika hadi kupata karatasi ya uraia, na miaka 7 tu kutoka karatasi hiyo hadi kiti cha ubunge. Katikati ya hayo analea watoto watano.

Bandiko linalofuata ni la mgomo. Tafadhali msiliruke.

Mleta uzi

Hoteli yenyewe ni Ibis Batignolles, kaskazini-magharibi mwa Paris, mtaa wa 17. Ina vyumba zaidi ya 700 na ipo chini ya kundi la hoteli la Accor. Lakini wanawake waliokuwa wanasafisha vyumba hawakuajiriwa na Accor. Waliajiriwa na kampuni ya wakala, STN, iliyopewa tenda ya usafi. Hapo ndipo palipo na kiini cha mambo yote. Hoteli inanunua idadi ya vyumba visafi, na wakala anatafuta namna ya kuvisafisha kwa watu wachache na saa chache. Mfanyakazi akienda kulalamika kwa meneja wa hoteli anaambiwa nenda kwa mwajiri wako. Akienda kwa mwajiri anaambiwa mteja ndiye anayetaka hivyo. Mnafanya kazi jengo moja, mnapishana kwenye lifti moja, lakini mtu wa mapokezi ana haki zake na wewe wa ndoo na matambara una zako pungufu.

Kipimo cha kazi kilikuwa vyumba vitatu na nusu kwa saa. Piga hesabu, ni dakika 17 kwa chumba. Ndani ya dakika hizo unavua mashuka na foronya, unatandika upya, unasugua choo, unaosha bafu, unafuta kioo hadi kisiwe na alama, unapangusa vumbi, unafyonza zulia, unatoa taka, unaweka taulo na sabuni. Mgeni akiacha matapishi sakafuni, dakika ni zilezile. Familia ya watu wanne ikiacha chumba kimevurugika, dakika ni zilezile. Na malalamiko makubwa ya wale wanawake yalikuwa kwamba mkataba unasema saa chache, vyumba vinakuwa havijaisha, unabaki hadi viishe, halafu muda ule hauonekani kwenye mshahara. Baada ya miaka kadhaa ya kunyanyua magodoro, mgongo unagoma, mabega na viganja vinavimba mishipa.

Tarehe 17 Julai 2019 wanawake wapatao 20 wakaweka ndoo chini. Karibu wote walikuwa wahamiaji kutoka Afrika. Keke alikuwa miongoni mwa wasemaji wao. Walisimama langoni kwa ngoma, nyimbo na dansi, wageni wanaingia na masanduku yao wanawapita. Kauli mbiu yao ilikuwa fupi: kusugua, kusugua, lakini lazima mlipe.

Mgomo ukaisha Mei 2021. Miezi 22.

Walichopata ni hiki. Kipimo kilishuka hadi vyumba vitatu kwa saa. Mishahara ikapanda kwa kati ya euro 250 na 500 kwa mwezi kutegemea mtu na mkataba wake. Ikaja posho ya chakula ya euro 7.30 kwa siku. Ikawekwa mashine ya kusajili saa ya kuingia na ya kutoka, ili muda wa ziada usipotee hewani. Kilichowashinda ni kuajiriwa moja kwa moja na hoteli, wakala alibaki. Mimi huwa nakaa na hesabu hii moja: kutoka dakika 17 hadi dakika 20. Dakika tatu za kupumua kwa kila chumba, zimegharimu miezi 22.

Mdau wa Nairobi

Mkubwa, swali kidogo kabla hujaendelea. Miezi 22 watu wanakula nini? Hapa kwetu mgomo ukifika wiki ya tatu watu wanaanza kurudi kazini mmoja mmoja, kodi ya nyumba haingoji. Wale kina mama walitoa wapi?

Mleta uzi

Swali zuri sana, mkuu, na ndilo ambalo magazeti mengi yalilipita juu juu.

Miezi minane ya kwanza ndiyo mgomo wenyewe wa kusimama langoni. Chama chao cha wafanyakazi, tawi la hoteli la shirikisho la CGT, kilikuwa na mfuko wa mgomo, na watu wa kawaida walichangia kupitia mtandao. Bila mfuko ule wangerudi kazini mapema kama unavyosema. Machi 2020 korona ikaja, hoteli ikafungwa, na wao kama wafanyakazi wengine wa Ufaransa wakaingia kwenye utaratibu wa serikali wa kulipa sehemu ya mshahara wa mtu aliyesimamishwa kazi kwa muda. Madai hawakuyaondoa mezani. Hoteli zilipokaribia kufunguliwa upya, mwajiri akawakuta palepale alipowaacha.

Ndiyo maana nasema mtu huyu alikwenda bungeni akiwa tayari anajua kujadiliana. Wanasiasa wengi hujifunza majadiliano wakishapata cheo. Yeye alishakaa meza moja na mawakili wa kampuni kubwa na akasimama na karatasi iliyosainiwa.

Mdau wa Lyon

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Ufaransa mwaka wa kumi na moja sasa, naomba niongeze kipande cha uchaguzi, maana mfumo wa huku unawachanganya wengi.

Bunge la Taifa lina viti 577, kila jimbo mbunge mmoja, na uchaguzi una duru mbili. Kushinda duru ya kwanza unatakiwa uvuke nusu ya kura zilizopigwa, na kura zako zifike robo ya wote waliojiandikisha. Wachache sana wanaweza. Kwa hiyo mnarudi wiki moja baadaye, wawili, au watatu ikiwa wa tatu naye amepata angalau asilimia 12.5 ya waliojiandikisha. Duru ya pili ndiyo inayoua wagombea wa vyama vyenye msimamo mkali, wa kushoto au wa kulia, kwa sababu wapiga kura wa waliotoka wanaungana dhidi yako.

Keke aligombea 2022 jimbo la 7 la Val-de-Marne, kusini mwa Paris, kwa tiketi ya muungano wa kushoto uitwao Nupes: La France Insoumise, wasoshalisti, wakomunisti na wanamazingira pamoja. Mpinzani wake wa duru ya pili alikuwa Roxana Maracineanu, aliyetoka kuwa waziri wa michezo wa Macron. Huyu naye kazaliwa Bucharest, Romania, akaletwa Ufaransa akiwa mtoto, akapewa uraia, akaogelea hadi akawa bingwa wa dunia mwaka 1998 na akapata medali ya fedha Olimpiki ya Sydney. Watu wanasahau hili. Jimbo moja la pembezoni mwa Paris, wanawake wawili waliozaliwa nchi nyingine, mmoja bingwa na waziri, mwingine mhudumu wa vyumba.

Duru ya kwanza Keke aliongoza vizuri, asilimia 37 kwa 23 na ushee. Ya pili, Juni 19, pengo likayeyuka hadi asilimia 50.30 kwa 49.70. Ndizo hizo kura 177.

Mleta uzi

Shukrani mdau, umenipunguzia kazi.

Niseme kidogo kuhusu jimbo lenyewe, kwa sababu hapo ndipo ushindi ulipotoka. Ni miji ya Chevilly-Larue, Fresnes, L'Haÿ-les-Roses, Rungis na Thiais. Keke mwenyewe alikuwa mkazi wa Chevilly-Larue. Rungis lipo soko kubwa la jumla la vyakula lililohamishwa kutoka katikati ya Paris mwaka 1969. Nyama, samaki, maua na mboga za jiji zima zinapita pale usiku, na anayepakua anaanza kazi wenzake wakiwa usingizini. Fresnes kuna gereza maarufu. Uwanja wa ndege wa Orly upo hapo jirani. Kwa hiyo ni eneo la watu wa zamu, watu wa alfajiri, wasafishaji, wapakuaji, madereva, walinzi. Lakini pia ni eneo la nyumba zenye bustani na wenye nyumba wasiotaka kusikia jina la Mélenchon, mwanzilishi wa chama cha Keke. Ukielewa kwamba miji hiyo inabeba watu wa aina hizo mbili, utaelewa kura 177 za 2022 na utaelewa pia kilichotokea 2024.

Ushindi wake ulikuwa wa kwanza wa aina yake: mhudumu wa vyumba vya hoteli hajawahi kukaa bungeni Ufaransa kabla yake. Miaka mitano nyuma, 2017, aliingia Caroline Fiat wa chama hichohicho, msaidizi wa wauguzi, naye akiwa wa kwanza kwa kazi yake. Vibarua, wahudumu na makarani ni karibu nusu ya watu wenye kazi Ufaransa, lakini bungeni unawahesabu kwa vidole.

Mdau wa Dodoma

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini naona tunasifia historia ya mtu badala ya kazi yake. Mbunge anapimwa kwa sheria. Huyu mama alipitisha nini? Mshahara wa mbunge wa Ufaransa ni zaidi ya euro 7,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wananchi walipata nini kwa pesa hiyo? Nauliza kwa nia njema.

Mleta uzi

Na mimi nakujibu kwa nia njema, mkuu, kwa urefu, kwa sababu swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Kwanza mazingira. Ufaransa, kama kwetu, sheria nyingi zinatoka serikalini. Kundi la upinzani bungeni linapewa siku moja tu kwa mwaka ya kupanga ratiba yake lenyewe, na siku hiyo ikifika saa sita usiku, muswada ambao haujapigiwa kura unakufa. Kumpima mbunge wa upinzani kwa idadi ya sheria zilizopita ni kumpima kwa kitu ambacho katiba haikumpa.

Pili, alichofanya. Julai 2022, bunge jipya lilipoanza kwa mjadala wa kupanda kwa gharama za maisha, alisimama akawauliza wenzake nani kati yao aliwahi kulipwa euro 800, 900 au 1,000 kwa mwezi. Upande wa serikali ukapiga kelele, wengine wakidai hata wao walipitia. Mimi nililiangalia tukio lile mara kadhaa. Haikuwa hotuba ya kupendeza, sauti ilipanda, maneno yakakwama. Lakini mtu aliyekuwa akipokea mshahara wa aina hiyo alikuwa ndani ya ukumbi akiutaja kama wake, na waliokuwa wakijadili posho na ruzuku walilazimika kumwangalia usoni.

Halafu ikaja pensheni. Mwaka 2023 serikali ya waziri mkuu Élisabeth Borne ilileta muswada wa kusogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64. Fikiria mwanamke aliyeanza kusafisha hoteli akiwa na miaka 29, mwenye vipindi vya mikataba ya nusu siku, mwenye mgongo ulioharibika tangu miaka 45. Unamwambia aongeze miaka miwili ya kunyanyua magodoro. Februari ile Keke alizungumzia hasa miili ya watu hao, akawaambia mawaziri kwamba hawana haki ya kuwapigisha magoti wale wanaoifanya Ufaransa isimame. Nje, mamilioni waliandamana wiki baada ya wiki. Ndani, chama chake kilileta maelfu ya marekebisho ili kuuchelewesha muswada. Mbinu hiyo siitetei yote. Hata baadhi ya vyama vya wafanyakazi vilitaka bunge lifike haraka kwenye kifungu cha umri na kupiga kura, lakini muda ukaisha kabla.

Machi 16 serikali ikaona kura hazitoshi na ikatumia kifungu cha 49, ibara ya 3, cha katiba yao. Kifungu hicho kinaruhusu muswada upite bila kupigiwa kura isipokuwa bunge liiangushe serikali. Hoja ya kutokuwa na imani ikapigiwa kura Machi 20. Zilitakiwa kura 287, zikapatikana 278. Tisa zilikosekana. Sheria ikasainiwa Aprili.

Sasa linganisha, mkuu. Kwenye lango la hoteli wanawake 20 walipata dakika tatu, posho ya chakula na mashine ya kusajili saa. Bungeni wabunge 278 hawakuweza kuzuia miaka miwili. Sikuambii bunge halina maana. Nakuambia kwamba aliyeuelewa mgomo ule hakushangazwa na matokeo ya Machi, na ndiyo sababu Keke hakuacha kwenda kwenye milango ya viwanda na hoteli zilizogoma hata alipokuwa mbunge.

Mdau wa Dodoma

Nimekuelewa kwenye sheria. Lakini vipi kuhusu bendera? Juni 2024 alipeperusha bendera ya Palestina ukumbini, kikao kikasimamishwa. Kanuni za bunge lao haziruhusu. Huoni kama ilimharibia?

Mleta uzi

Ni kweli. Tarehe 4 Juni 2024, wiki moja baada ya mwenzake Sébastien Delogu kufanya hivyohivyo na kufungiwa siku 15. Keke alijua adhabu ipo. Wapo waliomwona shujaa, na wapo waliosema amevunja heshima ya ukumbi. Mimi naamini alifanya kwa dhamira, kwa sababu ya vifo vya Gaza, na sijasikia akijutia. Kama ilimpunguzia kura au ilimwongezea, jimbo lile lina watu wa pande zote mbili, siwezi kulipigia hesabu. Siku tano baadaye Macron alivunja bunge, na mjadala wote ukahama.

Mwalimu wa historia, Arusha

Naomba nichangie kidogo, maana jina la Kodivaa limenigusa. Keke si mtu wa kwanza kutoka nchi hiyo kuketi katika bunge la Ufaransa upande wa kushoto. Mwaka 1945 alichaguliwa Félix Houphouët-Boigny, daktari na mkulima wa kahawa na kakao, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa kwanza wa nchi yake. Bungeni Paris kundi lake lilishirikiana na wakomunisti hadi 1950. Sheria inayobeba jina lake ni ya Aprili 11, 1946, iliyofuta kazi ya kulazimishwa katika makoloni ya Ufaransa. Kabla ya hapo Mwafrika alikuwa anachukuliwa kijijini akavune kakao ya mzungu au akajenge barabara, apende asipende.

Na mwaka huohuo waziri wa kazi wa Ufaransa alikuwa Ambroise Croizat, mkomunisti, fundi chuma aliyeanza kazi kiwandani akiwa na miaka 13. Mfumo wa bima ya jamii ambao Wafaransa wanaulinda hadi leo, pensheni ikiwemo, ulisimamishwa chini ya wizara yake. Kwa hiyo wabunge 278 wa Machi 2023 walikuwa wanatetea nyumba ambayo mmoja wa waliopandisha ukuta wake alikuwa na mikono ya kiwandani. Miaka 76 baada ya sheria ya Houphouët, binti wa Abobo akaingia jengo lilelile la Palais Bourbon kuzungumzia nani anasafisha, kwa saa ngapi na kwa malipo gani. Mimi darasani ningezifundisha hizi mbili kwenye somo moja.

Mleta uzi

Mwalimu, asante sana. Sikuwa nimewahi kuziweka tarehe hizo pamoja.

Mdau wa Lyon

Niongeze la lafudhi, kwa sababu liliniuma mimi binafsi. Alipochaguliwa, mitandaoni alidhihakiwa kwa Kifaransa chake. Watu walikuwa wanakata vipande vya video na kuhesabu makosa ya sarufi. Matusi ya rangi nayo hayakukosekana. Mimi huku kazini nimewahi kukaa kikao kizima kimya kwa kuogopa kukosea jinsia ya neno moja. Siku ile alipouliza habari ya euro 800 nilikuwa jikoni nasikiliza kwenye simu, nikazima jiko nikakaa chini. Alikosea maneno, akaendelea. Kesho yake mimi nilinyoosha mkono kikaoni.

Mdau wa Nairobi

Hiyo ya kunyoosha mkono imenifikia, kaka. Sasa tuambieni 2024 alianguka vipi, maana nasikia kushoto ndio walishinda mwaka huo.

Mleta uzi

Walishinda kwa hesabu ya jumla na yeye akashindwa kwake. Yote mawili ni kweli.

Bunge lilivunjwa Juni 9 baada ya chama cha Le Pen, cha mrengo mkali wa kulia, kuongoza uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Vyama vya kushoto viliungana upya kwa siku chache kwa jina la Nouveau Front Populaire, na Julai 7 muungano huo ukaibuka kundi kubwa zaidi bungeni, ingawa mbali na viti 289 vya kuwa na wingi kamili. Usiku huohuo Keke alipoteza jimbo kwa Vincent Jeanbrun, wa mrengo wa kulia, aliyekuwa meya wa L'Haÿ-les-Roses tangu 2014.

Maoni yangu kuhusu sababu ni haya. Mwaka 2022 duru ya pili kitaifa walijitokeza asilimia 46 hivi; 2024 karibu 67. Ukiwa na ziada ya kura 177, watu wapya wengi wakiingia kituoni huna ukuta wa kujikinga. Halafu mpinzani wake safari hii hakuwa waziri aliyetoka mbali. Alikuwa meya wa miaka kumi, anayejua barabara gani ina mashimo na bibi gani anadai kibali cha uzio. Na Julai 2023, usiku wa ghasia zilizofuata kuuawa kwa kijana Nahel na polisi kule Nanterre, watu walivamia nyumba ya Jeanbrun kwa gari na moto, mkewe na watoto wakiwa ndani; mkewe akavunjika mguu. Lilikuwa jambo baya, na nchi nzima ilisimama naye. Anayesoma uchaguzi ule bila kulitaja tukio hilo anajidanganya.

Wiki mbili kabla ya duru ya pili, reli ya metro namba 14 ilifunguliwa hadi Orly, ikiwa na vituo L'Haÿ-les-Roses, Chevilly-Larue na Thiais. Wale watu wa alfajiri niliowataja mwanzoni sasa wanafika Paris kwa treni badala ya kubadilisha mabasi mawili gizani. Kila nikiiangalia ramani ile nawaza wahudumu wa vyumba wanaopanda treni ya kwanza.

Dada wa Nungwi

Assalaam alaykum. Mie nasoma tu siku zote, siandiki, lakini leo imebidi. Nafanya kazi hiyohiyo, mwaka wa sita, hoteli siitaji. Kwa zamu moja napewa vyumba 14, msimu wa wageni 17. Na mchanga wa pwani, kaka'angu, usiambiwe, unaingia hadi ndani ya foronya. Sisi nasi tuko chini ya wakala. Vyumba visipoisha hatutoki, na huo muda hatulipwi.

Nimesoma hapo juu habari ya mashine ya saa. Hebu nifahamishe, ile mashine waliipataje? Waliomba wao au waliletewa? Maana kwetu ukitaja saa za ziada unaulizwa ushahidi uko wapi.

Mleta uzi

Waalaykum salaam, dada. Asante kwa kuandika.

Waliidai wao wenyewe, ilikuwa kwenye orodha ya madai. Bila rekodi, neno la mfanyakazi linapambana na neno la msimamizi, na la msimamizi ndilo linaloandikwa. Kwa hiyo anza na kilicho mikononi mwako: tarehe, saa ya kuingia, namba za vyumba, saa ya kutoka. Kila siku, bila kuruka. Mkiwa wanne au watano mnaoandika hivyo kwa miezi mitatu, mkienda kwenye chama cha wafanyakazi au kwa afisa kazi hamwendi na malalamiko, mnakwenda na daftari. Na usiandike peke yako, tafuta wenzako kwanza.

Dada wa Nungwi

Tuko saba zamu ya asubuhi. Wawili hawajui kusoma vizuri, lakini namba wanazijua, nitawaandikia mie. Kesho naingia saa moja. Daftari la mwanangu la hesabu lina kurasa zimebaki nyuma.

Mdau wa Nairobi

Dada, ukifika ukurasa wa mwisho rudi hapa utuambie. Tutanunua lingine.